Ndombolo Mbele ya Mama Mukwe

Maji ya mafuriko yalimchukua bibi yangu, mke niliyemuoa, hapa Kasenga, miye nikabaki. Namlaumu jirani yetu Kashindi mpaka leo, aliyetuambia maji hayatafika. Wakwe zangu wa Luberizi niliwaapia kwamba tangu siku ile sijatazama muziki wa kucheza.

Siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga, walikuja wote. Kwenye televizyo, katika ile aplikasyo ya video, niliweka kwa telefone yangu kantiki moja, wimbo wa kanisa. Nilifikiri ukizima televizyo, orodha ya zamani ya video inafutika. Kumbe iko inangoja. Kantiki ikaisha, tungali tumeinamisha vichwa, ndombolo, muziki wa kucheza wenyewe, ikalipuka, wasichana wa kwenye video wakatikisa viuno mbele ya mama mukwe.

Nikamrukia shemeji yangu. "Ni weye, Byamungu! Ulichezea telefone yangu! Weye muntu mubaya, hata marehemu dada yako humuheshimu?"

"Shemeji, Papa Riziki, sijaigusa."

"Mwongo!"

Mama mukwe, mwalimu wa zamani, alivaa miwani, akasogelea televizyo, akasoma polepole kama darasani:

"Video zinabaki kumi na moja. Zote zimeongezwa juzi na Papa Riziki."

Akanigeukia.

"Mukwe wangu, humu ndani Papa Riziki ni nani?"