Kahawa Iliyopoa Hail

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya iliki, mwanangu. Nilikuwa kijana, sijatimiza hata mwaka Maskati tangu kutoka Unguja, nimekaa kwenye majlisi, chumba cha wageni, ya Mzee Nasor, mjomba wa mama yangu, kule Matrah. Nimepewa kikombe cha kahawa. Nkakiweka chini, sikukinywa.

Nyinyi wa leo mnakunywa kahawa garini, kwa vikombe vya karatasi, ada mnazijua nusunusu, basi nikwambie. Mgeni akikiweka kikombe chini bila kukinywa, ana haja kubwa, na mwenyeji hana ruhusa ya kunyamaza. Ama amtimizie, ama abebe aibu. Si jambo la kuchezea hilo.

Haja yangu ilikuwa dada yangu, Zuwena. Alikwama na wanawe njiani kuja huku, kwenye ghala la bandari ya nchi ya watu, hana pasi, hana pa kwenda. Kule tulikotoka, baada ya mapinduzi, walimwambia, "Nyinyi Waarabu, nendeni kwenu." Huku akaambiwa, "Nyinyi watu wa Afrika, bakini kwenu." Kwenu, kwenu! Na huko kwenu kwenyewe hakuna aliyemwonyesha. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha, na wenye bandari washasema wanalitaka ghala lao.

Mle majlisini jamaa wengine walishaanza kutafuta maneno. Mara "serikali zitazungumza zenyewe", mara "subira, kijana". Mzee Nasor akawakata.

"Kahawa ya mtoto wa watu inapoa, na nyinyi mnahutubu?" Kisha akanigeukia. "Kunywa, baba. Shahidi wa dadako mimi."

Na alikwenda kweli, akasimama mbele ya wakubwa na ndevu zake nyeupe, akasema huyu ni damu yangu. Zuwena akaja. Nilipombusu mkono mzee na kumwapia kwamba sitomsahau, alinikemea mbele ya watu wote: "Mimi nisahau, si neno! Atakayekuja baada yako, huyo ndiye usimsahau."

Haya. Miaka imekwenda, tumeshiba. Wanetu wana ofisi Al Khuwair na majumba Hail, mitaa ya wenye nazo hapa Maskati, na Unguja siku hizi tunakwenda kutembea, tunakula urojo na kupiga picha.

Alikuwapo fundi cherehani aliyekuwa akinishonea kanzu, jina lake Nuru. Ni Mrohingya, Muislamu wa Burma. Nchi aliyozaliwa ilimwambia si raia, nyumba yao ikachomwa, akakimbilia nchi ya jirani, akapata pasi ya huko kwa kujifanya mwenyeji, akaja huku kutafuta riziki. Mwenye duka akafa, warithi wakafunga. Pasi nayo ikaisha muda, na wenye pasi wakamwambia, "Wewe si wetu." Akabaki hana kafili wa kumdhamini, hana pasi, anangoja kukamatwa na kusafirishwa. Kusafirishwa wapi? Hata wa kumsafirisha asingejua.

Alihitaji mtu mwenye jina amsimamie. Mimi mzee wa pensheni, neno langu halipandi hata lifti ya wizara. Nkampeleka Hail kwa kijana wangu wa kwanza, Said, ambaye ni mkubwa na wakubwa wanamsikia. Sikumfunza Nuru la kufanya. Lakini alishawachungia mabedui mbuzi wao, ada anazijua. Alipopewa kahawa, akaiweka chini.

Nkamtazama Said. Unajua alifanyaje? Alimwita mtumishi: "Mbadilishie mgeni, yake imepoa."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

"Said," nkamwambia, "mgeni ana haja."

"Naijua, baba. Lakini watu hawa wana majirani zao. Nchi ngapi za Kiislamu ziko pale karibu? Wao wamewafukuza, sisi wa mbali ndio tuwabebe?" Akamgeukia Nuru: "Inshallah, tutaangalia."

Inshallah ile ya kumfungia mtu mlango, unaijua. Na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo imamu aliwaombea Warohingya, Said akaitikia amina mpaka sauti ikamkauka!

Nuru akakiokota kikombe, akakinywa chote. Alikunywa ili mimi nisiaibike nyumbani kwa mwanangu. Akakitikisa, ishara ya kutosheka, akashukuru, akatoka. Majirani wa duka wanasema alikamatwa. Simu yake naipiga, haiiti.

Mwanangu, majirani wana dhambi yao, sikatai. Mashua ya Warohingya imejaa watoto, jirani huyu anawapa maji na biskuti kisha anawasukuma kwa yule, yule anawasukuma kwa mwingine, na wote Ramadhani wanafunga. Mungu atawauliza. Lakini atatuuliza na sisi, na jawabu letu litakuwa baya zaidi, maana lile ghala sisi tunalijua kwa ndani. Wazee walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tumesahau hata kwamba tuliwahi kupanda chombo.

Basi nasaha yangu ni hii. Asiye na kwao akikujia, usimuulize ni wa nani. Una jina, msimamie nalo. Una kiti, kiinukie. Na siku wakubwa wa nchi zetu wakikutana nawe umo, usikubali waondoke wakisema "tutaangalia". Dua usiiache, lakini usiifanye mto wa kulalia.

Kwa Said nnakwenda kila Ijumaa, ni mwanangu, simkati. Ananimiminia kahawa, nami nakiweka kikombe chini. Anajua nnataka nini. Kinapoa, kinaondolewa, tunazungumza mengine.

Mungu akupe kwenu, mwanangu, na akudumishie. Na siku ukikosa kwenu, Mungu akukutanishe na mtu kama Mzee Nasor. Asikukutanishe na Said wangu.