Mtungi Uko Nyuma

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni aibu kusema. Wasiwasi ndio akili. Mume wangu anauita kiherehere, wifi zangu wanasema ndivyo tulivyo watu wa kaskazini, hatujui kukaa tukatulia, na mimi nawaachia waseme wanavyotaka. Nikilala naamka kuangalia kama jiko limezimwa. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Sasa mtu wa namna hiyo mpe gari, uone.

Lakini la mtungi lina chanzo chake. Kuna gari liliungua hapa Visiga, mita chache kutoka dukani ninaponunua maharage, mchana kweupe. Lilikuwa gari dogo tu la familia. Boneti inatoa moshi, dereva amevua shati, anapungia magari yasimame. Na yalisimama, siwezi kuwasingizia watu. Kila dereva alishuka na mtungi wake wa kuzimia moto. Mmoja ulitoa pumzi kidogo, ukanyamaza. Mwingine ulikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, mwenyewe anaichana kwa meno huku analaani. Mwingine pini yake ilishika kutu, ikagoma kutoka hata ilipogongwa na jiwe. Abiria walikuwa wameshashuka, Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Gari likaungua likabaki bati. Watu wakapiga picha na simu zao, wakaenda zao, na mimi nikaenda nyumbani na maharage yangu.

Sikupika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari letu nikafungua buti. Mtungi wetu nikaukuta chini ya tairi la akiba, umelala kwenye nailoni yake, vumbi limeandika ramani juu.

"Huu utatokaje humu siku ya siku?" nikamuuliza mume wangu.

"Utatokaje kwani unakwenda wapi? Huo ni wa trafiki."

Na alisema kweli, ndiyo iliyoniuma zaidi. Barabara yote ya Morogoro watu wana mitungi, na yote ni ya trafiki. Afande anauliza, mtungi? Unamwonyesha. Pembetatu? Unamwonyesha. Anasema endelea, unaendelea. Gari likikuharibikia kweli, hiyo pembetatu inayong'aa hakuna anayethubutu kuiweka barabarani, iibiwe? Tunakata matawi ya mti tunayatandaza nyuma ya gari, na anayekuja nyuma anaelewa. Gari likipona tunaondoka, matawi tunayaacha palepale yamtishe mwingine.

"Ajali haina kinga," mume wangu akasema, kama wanavyosema wote.

Nikamwambia basi mimi nitainunua hiyo kinga isiyokuwepo. Nikatafuta mtungi mpya, nikaichana nailoni mbele yake. Kulikuwa na watu wa zimamoto wanafundisha sokoni, nikasimama mbele kabisa, nikauliza maswali mpaka watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Wakanifundisha kwamba boneti ikishika moto usiifungue yote, moto unapenda hewa. Unailegeza kidogo, unapitisha unga kwenye upenyo. Nikajifunza kuchomoa pini. Nikatia garini glavu, tochi, kamba ya kuvutia, boksi la huduma ya kwanza na mkasi wa kukatia mkanda. Mume wangu alipoona buti akauliza kama nasafiri au nahama.

Hakujua, au alijua hakutaka kulisema, kwamba nilikuwa na hofu yenye sura ya mtu. Mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi Maneromango. Aliteleza akivuka kizingiti cha jikoni kwake, akavunjika nyonga, akawekewa chuma. Kliniki yake iko huku kwetu Kibaha, kwa hiyo tunamleta, analala kwetu siku mbili tatu, kisha anaanza kusema kuku wake wanaibiwa, na tunamrudisha. Mume wangu kazi yake ni Dodoma, anapandia treni Soga, anarudi akipata nafasi. Kwa hiyo "tunamleta, tunamrudisha" ni mimi. Mama simweki kiti cha mbele, mguu haukunjiki vizuri. Namlaza kiti cha nyuma, mgongo mlangoni, mito kiunoni, mguu umenyooshwa. Kumwingiza tu kunahitaji watu wawili wenye nguvu na mmoja wa kutoa amri, na anayetoa amri ni yeye.

Sasa nielewe. Kila nilipowasha gari na Mama yuko nyuma, niliwaza kitu kimoja: likitokea lolote, huyu hawezi kutoka. Mimi nitafungua mlango nitaruka. Yeye atabaki. Njia nzima nanusa hewa. Nikipita mtu anachoma majani, nasimama, nashuka, nafungua boneti.

"Mwanangu wee," Mama ananiambia kutoka nyuma, "hata kuku anayetaga anatulia kuliko wewe."

Mtungi niliufunga sakafuni nyuma ya kiti changu, ambako mkono unaufikia bila kuangalia. Siku ninayoisimulia nilikuwa namrudisha kwake, na Mama alilalamika kwamba chuma hicho kinamgonga kisigino, na kisigino ni cha mguu ule mbovu. Nikauhamishia kwenye buti, nikauweka juu kabisa ya mizigo. Tulipofika Kisarawe mjini Mama akakumbuka mchele na sukari. Nikanunua, muuza duka akapakia mwenyewe, nikaona kabisa mfuko wa mchele unakaa juu ya mtungi. Nikasema nitaupanga vizuri tukifika.

Njia ya Maneromango ukiijua hutaniuliza nini kilitokea. Korongo, bonde, vumbi, korongo. Fundi alikuwa ameunga waya karibu na betri kwa selotepu ya karatasi, nadhani huo mtikisiko ndio uliouachanisha. Nilisikia harufu. Kwa mara ya kwanza sikusimama mara moja, kwa sababu pembeni palikuwa na wachoma mkaa na nilishachoka kuchekwa. Kisha nikaona moshi unatoka kwenye ukingo wa boneti, mweusi, na huo haukuwa wa mkaa.

Nikaegesha. Nikazima. Mkanda ulinikatalia mara mbili.

"Nini?" Mama akauliza.

"Tunashuka, Mama."

Wanaume wawili walikuwa kando ya barabara wanafunga magunia ya mkaa kwenye pikipiki. Sikuwaita, walikuja wenyewe mbio, na nawashukuru mpaka leo kwa hizo mbio za kwanza. Nikawaonyesha Mama, nikawaambia nyonga, chuma, taratibu. Mmoja akamshika kwapani, mwingine akaingia upande wa pili akashika mapaja. Walikuwa wameshamnyanyua. Mimi nikavuta kishikio cha kulegeza boneti, na ulimi wa moto ukachungulia kwenye upenyo, mdogo, wa njano. Nikawapigia kelele kwa neno letu la nyumbani, lile ambalo nimelitumia kila siku tangu siku ya maharage.

"Mtungi! Kuna mtungi nyuma, uko kwenye buti!"

Nilichotaka waelewe ni kwamba mmoja akaulete. Walichoelewa wao ni kile ambacho mtu yeyote angekielewa. Mtungi ni wa gesi. Kila nyumba inao, kila mtu amesikia habari ya uliolipuka. Niliona macho yao yanabadilika. Yule aliyemshika kwapani akasema, "Mtungi?" taratibu kabisa, kama anayeuliza jina la mgeni. Kisha wakamwachia Mama, wakakimbia. Walikimbia kweli, wakavuka mtaro, wakaingia kwenye shamba la mihogo, na mmoja alikuwa anawaonya waliokuwa mbali: gari lina mtungi, tokeni, lina mtungi.

Mama aliangukia upande ule ule wa nyonga iliyovunjika. Nilisikia mlio wa mwili kwenye kiti.

Hapo nilisimama katikati. Mlango wake ulikuwa upande mmoja, buti upande mwingine, na mbele moto unakula mpira fulani, unanuka vibaya. Mama ni mzito. Peke yangu nisingemtoa, ningemburuta tu, na moto ungetukuta tunaburutana. Nilijua hivyo. Nikajua pia kwamba akinilalamikia mara moja tu, akisema nakufa, akili yote itanitoka na nitamwendea, liwe liwalo. Nikasubiri sauti yake. Haikuja. Nikakimbilia buti.

Nikatupa mchele chini, mfuko ukapasuka. Sukari sijui niliirusha wapi. Nikapata mtungi, nikachomoa pini, nikarudi mbele, nikauweka mdomo wa mpira kwenye upenyo wa boneti nikabana. Unga ukatoka kwa kishindo, mweupe, ukanirudia usoni, nikameza. Nikabana tena. Nikaendelea kubana hata pale ambapo hapakuwa na cha kubana, mtungi umeisha, natingisha kopo tupu na kulitukana. Harufu ikabaki. Moshi ukapungua, ukawa mwembamba, ukakoma.

Nilipofika mlangoni kwa Mama, alikuwa amelala kifudifudi nusu, uso umegeukia nyuma ya kiti. Pindo la kanga lilikuwa limejaa mdomoni mwake, amelisokomeza ndani, taya zimekaza. Machozi yanatiririka bila sauti. Nikadhani kifafa. Nikadhani mambo mengi. Nikalivuta lile pindo, akaliachia.

"Moto umezimika?" akauliza.

"Umezimika, Mama."

Ndipo akalia. Alilia kilio cha maumivu ambacho sikuwahi kukisikia hata siku alipovunjika.

Wale wanaume walirudi mmoja mmoja, kwanza mpaka mtaroni, kisha mpaka garini. Waliangalia mtungi mwekundu mkononi mwangu, wakaangaliana. Mimi nilikuwa nimejaa matusi, yote yako tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Dada," yule mkubwa akasema, na aliishusha kofia yake, "ungesema faya. Ungesema tu faya, tungejua."

Matusi yakaniishia. Ni kweli, wanaita faya. Hata trafiki nusu yao wanaita faya. Miezi yote nimebadilisha unga, nimekagua kipimo, nimechana nailoni, na jina la kumwambia mtu sikuliwaza hata siku moja.

Wakamtoa Mama, safari hii kwa uangalifu kama wanabeba mayai, wakamlaza kwenye mkeka chini ya mkorosho. Mmoja akaenda na pikipiki kutafuta gari la kumrudisha hospitali Kisarawe. Nitasema kabisa ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi: baadaye hospitali daktari aliona kwamba chuma hakijahama, nyama ndiyo iliyoumia. Pale chini ya mkorosho hatukulijua hilo. Nilikuwa napiga simu Dodoma, haishiki, naenda barabarani, narudi, naokota mchele kwenye vumbi punje kwa punje kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Kaa chini," Mama akaniambia. "Unanizungusha kichwa."

Nikachuchumaa karibu yake. Uso wangu ulikuwa mweupe kwa unga, yule mwanaume aliyebaki alikuwa anajizuia kucheka.

"Mama, ulipoanguka ulikuwa unaumia. Mbona hukuniita? Nilikuwa nasubiri uniite."

Alikuwa analinyoosha lile pindo la kanga kwa kiganja, lililolowa, juu ya tumbo lake. Hakuniangalia.

"Nilijua unasubiri," akasema. "Mie nakujua wewe. Ningekuita ungekuja. Na ungekuja, moto ule angeuzima nani?"

Nikataka kumjibu, kwamba angeweza kuniita tu, kwamba ningefikiria kitu. Nikakaa pale vumbini, nikalia mimi.