Kwetu Hakuendwi kwa Siku Nne

Watoto wangu wameiona Vienna, wameiona Praha, wameiona Lisbon, na kila mji wameukalia siku nne. Unguja, alikozaliwa mama yao, mdogo wao alikuwa hajaikanyaga. Ukiniuliza kwa nini, nitakasirika kwanza, halafu nitakujibu.

Mume wangu kazaliwa hapa hapa Dubai, wazee wake walihamia zamani, na kazi yake ni ya ofisini, Jumeirah Lake Towers. Likizo anaipata vipande vipande: siku za Idi, wikiendi ndefu, basi. Na akishagongewa viza ya Ulaya, hana raha mpaka aitumie. "Yalla, siku nne, tunakwenda tunarudi," ananiambia, na mimi nafungasha. Glavu, makoti, mchele, tui la unga, sambusa za kugandisha, maana wanangu vyakula vya watu hawavitaki. Tumekiburura kigari cha mtoto juu ya mawe ya barabara zao za kale mpaka gurudumu likachomoka. Tumepanga foleni kuingia jumba la wafalme, na humo ndani binti yangu wa miaka sita alichokipenda ni lifti. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, alipenda njiwa wa uwanjani. Njiwa, jamani, ambao hapa wanatuchafulia baraza ya ghorofani kila siku ya Mungu.

Sisemi kwamba sikufurahi. Lakini Vienna, ndani ya tramu, bibi mmoja wa Kizungu alimwona mwanangu kaangusha glavu. Akaiokota, akaushika mkono wa mtoto, akaupulizia pumzi ya moto, ndipo akamvisha. Mtoto katulia, hana habari. Nilimshukuru yule bibi, nikageukia dirishani, machozi yananitoka. Mama yangu mzazi alikuwa hajapata kuushika mkono ule hata mara moja. Mjukuu wake alikuwa anamjua kwenye simu tu, na macho ya mama yameshaanza kuingia ukungu. Kila tukizungumza ananiuliza mtoto kafanana na nani, na mimi najua anauliza kwa sababu hamuoni vizuri. Nilimuonea wivu bibi wa watu ambaye hakunikosea kitu.

Sasa nikujibu. Si suala la umbali, kwani ndege ya kwenda kwetu inafika mapema kuliko ya Vienna. Tatizo ni kwamba mtu akitoka Arabuni akashuka Unguja, hakwenda kwa mama yake, kaenda kwa watu wote. Kila shangazi ana kanga yake humo begini, kila jirani ana udi wake. Kuna nyumba zilizofiwa wakati haupo, lazima uende ukatoe mkono, ukae, unywe kahawa, uulize maradhi yalianzaje. Kuna walioolewa, kuna waliojifungua. Ukimruka mmoja, kashanuna: "Alikuja, hata hakunipitia." Na lawama hazikupati wewe uliyekwisha kupanda ndege, zinampata mama yako uliyemwacha nao. Kwa hiyo mtu anasubiri apate mwezi mzima, na huo mwezi haupatikani. Zinazopatikana ni siku nne, na siku nne tunawapa Wazungu.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kila nikimwambia nije angalau kwa ufupi, ananikatia: "Uje mbio mbio kama mwizi? Watu watanisema. Subiri upate nafasi." Nikasubiri. Nilisubiri mpaka nikachoka na hilo neno lenyewe.

Tuliporudi kutoka Lisbon nilikuwa jikoni, kwenye nyumba yetu ya hapa Dubai, Silicon Oasis, naanika soksi za watoto kwenye viti. Mume wangu kashaanza kuitaja Budapest. Simu ikalia, mama. Akaniuliza habari za safari, nikamwambia njema.

"Mlikaa siku ngapi huko?"

"Nne, mama."

"Mkatembelea watu?"

"Watu gani, mama? Hatumjui mtu."

"Na hakuna aliyekununieni."

"Hakuna."

Akasema, taratibu, "Basi nami nijieni hivyo hivyo. Siku nne. Sitamwambia mtu."

Nilikaa chini pale pale jikoni, na soksi mkononi. Mama yangu huyu, ambaye maisha yake yote kaishi kwa kuogopa maneno ya watu, alikuwa ananiomba nije kwake kwa siri. Nilimwambia mume wangu Budapest khalas, hatwendi. Hakubisha. Alisema niende na watoto, yeye siku hizo kazi imemshika.

Uongo wa mama ulimpa kazi. Kwanza alitaka awaambie majirani anaumwa, akakumbuka kuwa akisema anaumwa mtaa mzima utamjia na uji. Akaona bora aseme anakwenda shamba kwa mdogo wake. Tulipofika, mlango wa mbele ulikuwa na kufuli kwa nje, tukapitia uani na mabegi yetu. Kupika pilau hakuthubutu, eti harufu yake itatutangaza. Miaka yote ile naota mapishi ya mama, nimefika kwake nikala mkate na mayai, na sikujali hata kidogo.

Alimkalisha mwanangu mapajani, akampitisha vidole usoni, nyusi, pua, masikio, pole pole, na mtoto huyu ambaye hapendi kushikwashikwa akatulia. "Kafanana na marehemu baba yako," mama aliniambia. "Masikio haya ni yake." Hakuniuliza tena.

Siku ya tatu, mkono ulitokeza juu ya ukuta wa uani ukaweka bakuli lililofunikwa. Sauti ya jirani ikasema, "Ya wageni ambao mimi sijawaona." Mama alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kanga. Ndani mlikuwa na pilau.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga mabegi, teksi inatusubiri nyuma ya nyumba, mama kaja kutuangalia chumbani. Akajikwaa mlangoni. Akainama kupapasa ni kitu gani, akakuta mashuka yetu, yamevuliwa, yamekunjwa, na foronya juu yake. Kitanda kiko tupu, godoro wazi. Huko Ulaya tunakopanga nyumba za watu, siku ya mwisho hiyo ndiyo kazi ninayowapa watoto, na binti yangu anaijua vizuri.

"Nani kavua?" mama akauliza.

"Mimi, Bibi," binti yangu akajibu, na furaha yake. "Tukiondoka tunavua, ili mtu mwengine akija akute pasafi."

Mama aliyaokota mashuka, akayakumbatia kifuani, akakaa juu ya lile godoro.

"Hapa haji mtu mwengine, mjukuu wangu," alisema. "Shika upande huo tutandike. Haya haya, usilete mengine. Nitayalalia mimi."

Wakatandika, huyu upande huu, yule upande ule, mama anasawazisha kwa viganja kile asichokiona kwa macho. Teksi ikapiga honi, ikapiga tena, na mimi sikuweza kuwaambia wafanye haraka.