Nyota ya Mtani

Mwalimu Asmahani Pazi hakuwahi kuiba kitu maishani mwake isipokuwa nyota ya Krismasi, na hiyo aliiba kila mwaka, mchana kweupe, mbele ya watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakimshangilia.

Nyota yenyewe ilikuwa kazi ya mikono ya mwenye darasa, Mwalimu Apolinaria. Alipasua mabua ya mtama, akayafunga kwa uzi, juu yake akabandika karatasi zile zinazong'aa za ndani ya pakiti za majani ya chai. Wiki ya kufunga shule aliitundika juu ya ubao. Dirishani watoto walipanga ng'ombe waliowafinyanga kwa udongo wa kichuguu, wenye pembe ndefu kuliko miguu, wakizunguka kihori cha nyasi kavu. Ilikuwa shule ya msingi ya serikali, pembezoni mwa mji wa Tabora upande wa kwenda Kwihara, na darasani walikuwamo wa kanisani na wa msikitini wakibanana dawati moja. Ikikaribia Idd, Apolinaria huyohuyo alikaa na Asmahani kukata minyororo ya karatasi za rangi, wakapamba darasa la pili, la Asmahani. Kesho yake Apolinaria aliikwapua yote akatokomea nayo, na hairudi mpaka apewe visheti.

Walikuwa watani. Asmahani alizaliwa Tabora, lakini baba yake Mzaramo. Apolinaria ni Mnyamwezi wa Kwihara, na kati ya makabila hayo utani ni wa tangu zama za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mtani akikutukana hununi. Akichukua kitu chako, unakigomboa. Na ukifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha wanaokulilia.

"Mpagazi wangu," Asmahani alikuwa akisema, nyota kaibana kwapani, "ukiutaka mzigo wako lete matobolwa."

"Rudisha hapa, Mzaramo usiye haya! Nyie mkisikia ngoma mnaacha ugali unaungua!"

Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, yalitoka kwa mama yake Apolinaria, Bi Benedikta, ambaye aliyatenga mapema akijua mwizi atakuja. Walimu wakayala kwa chai, nyota ikarudi ukutani. Bibi huyo alimpenda Asmahani kuliko alivyotaka kuonyesha. "Nikifa," alimwambia siku moja, "usikubali wanizike kimya kama mfuko wa simenti. Ziba mlango, ukamate fimbo yangu mpaka waigomboe. Niigize nikinusa tumbaku. Umesikia, Mzaramo?" Asmahani akaapa.

Sasa, mwaka ule akatokea mzazi mgeni mjini, Vedasto, muuza vipuri vya pikipiki. Alikuja kumchukua mtoto wake, akachungulia dirishani, akamwona mwanamke mwenye hijabu kasimama juu ya dawati anang'oa nyota huku anacheka. Hakuuliza kitu. Alitoa simu, akarekodi video, akaituma kwenye kundi la wazazi na maneno yake: mwalimu Mwislamu anavunja mapambo ya Krismasi mbele ya watoto wetu. Sauti za watoto waliokuwa wakipiga kelele "Mtani kaja! Mtani kaja!" zilimezwa na pikipiki iliyokuwa ikinguruma nje.

Kabla jua halijazama, picha ile ilishafika kwa watu ambao hawakuijua hata shule iliko. Wa upande mmoja walitukana. Wa upande mwingine wakajibu: na nyota ya Krismasi inatafuta nini katika darasa la serikali? Watu waliokopeshana chumvi tangu utotoni wakaanza kusalimiana kwa ncha za vidole.

Asmahani alicheka. Ndiyo, alicheka, maana aliona jambo lenyewe dogo. Apolinaria angesema neno moja tu, huyu ni mtani wangu, na yangekwisha. Alimpigia simu, haikupokelewa. Akadhani imeisha chaji.

Haikuwa imeisha chaji. Jioni ile wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wamejaa sebuleni kwa Apolinaria. Walikuja kumpa pole. Walimshika mikono, wakasali, mmoja wao akalia kabisa kwa ajili ya ile nyota ya mabua. Apolinaria alitaka kuwaambia ukweli walipoingia. Hakusema. Na kadiri walivyomlilia ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mgumu kutoka, kwa sababu angewarudishiaje watu machozi yao? Tena, tuseme lililopo, kuliliwa kulikuwa kutamu. Mwanamke yule hakuwahi kuwa shujaa wa kitu chochote.

Mwalimu mkuu, Emilian, aliita kikao. Walikuwapo wajumbe wa kamati na Vedasto mwenyewe na simu yake. Asmahani alijieleza kwa kifupi, akakaa, akamwangalia mwenzake kwa uso wa mtu anayengoja kutukanwa. Alikuwa na hamu ya kutukanwa. Alijua kabisa litakalosemwa: mwacheni huyo, Wazaramo hawana akili.

"Mwalimu Apolinaria," Emilian akauliza, "wewe ndiye mwenye darasa. Ulimruhusu kuitoa ile nyota?"

Apolinaria aliangalia kucha zake. "Mimi nilikuwa nje, mwalimu. Niliporudi sikuikuta."

"Na huu utani anaousema?"

 

"Utani una mipaka yake," Apolinaria akasema.

Asmahani hakulia wala hakugomba. Kikao kikapiga marufuku mapambo yote, ya huku na ya kule, na hapo pande zote mbili zikapiga makofi, kwa mara ya kwanza zikiwa zimekubaliana juu ya kitu. Kihori kikatupwa jalalani. Ng'ombe wa watoto wakavunjikia njiani.

Shule zilipofunguliwa Asmahani alikuwa ameshahamishiwa Choma, huko Igunga. Mumewe alibaki mjini na cherehani yake, wakawa wanaonana mwisho wa mwezi kama wachumba, ila bila raha ya uchumba. Apolinaria naye aliupata ualimu mkuu, shule moja ya upande wa Isikizya. Watu walisema ni mwanamke mwenye msimamo.

Choma ni nchi ya udongo mweusi na ng'ombe. Asmahani alifundisha vizuri, maana kufundisha alikujua, lakini kuta za darasa lake zilikuwa na herufi na tarakimu, basi. Siku moja watoto wa Kisukuma, bila kuambiwa na mtu, walifinyanga ng'ombe wakawapanga dirishani ili mwalimu afurahi. Wazuri kweli, mmoja hata nundu alikuwa nayo. Mwalimu aliwatazama, akasema, "Wapelekeni nyumbani." Watoto hawakuelewa walichokosea, na yeye hakuwaeleza.

Habari ya kifo cha Bi Benedikta aliletewa na mumewe kwa simu. Hakufikiri mara mbili. Kiapo ni kiapo, na bibi hakuwa na kosa. Alitia kwenye mkoba khanga kuukuu na kikopo cha tumbaku ya kunusa, akapanda basi. Njia nzima alijizoeza moyoni: jinsi bibi alivyokuwa akipiga chafya huku akilaani, jinsi alivyotembea akiburuta mguu wa kushoto. Walipopita Nzega alijikuta anatabasamu peke yake, na abiria wa pembeni akasogea kidogo. Alikuwa tayari hata kumsamehe mtu, kama ingelazimu.

Kwihara, watu walikuwa wamejaa uani. Jeneza lilikuwa ndani bado, fimbo imeegemezwa mlangoni, na kila aliyemjua marehemu alijua ni ya nani. Asmahani alipoingia, minong'ono ikapita, "Mtani huyo! Sasa msiba utachangamka." Akafungua zipu ya mkoba.

Apolinaria alikuwa amekaa mkekani, katikati ya wanawake walewale wa jumuiya. Alimwona, uso ukamfunguka, machozi na kicheko vikaja pamoja. Akanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima:

"Mpisheni! Mpisheni apite, huyu ni mtani wangu!"

Neno lenyewe hilo. Lilimtoka bila shida yoyote. Asmahani alisimama akalisikia lote, na mkono wake ukafunga zipu.

Alikwenda mpaka mkekani, akapiga magoti, akampa mkono kwa adabu.

"Pole sana, Mwalimu Mkuu. Mungu akupe subira."

Akainuka, akaenda kukaa nyuma kabisa, pamoja na wageni.

Watu walingoja. Walidhani ni mbinu, kwamba ataruka ghafla na kuikamata fimbo. Jeneza likatoka, hakuna aliyeziba mlango. Likateremshwa, hakuna aliyepiga chafya. Katekista alisali, koleo zikafanya kazi yake, na Bi Benedikta akazikwa kimya, kimya hasa.

Kwenye njia ya kurudi barabarani Apolinaria alimfuata mbio, viatu mkononi.

"Mtani. Mama alikungoja."

"Najua," Asmahani akasema.

Alipokaa ndani ya basi, alikipakata kile kikopo cha tumbaku, na hapo ndipo alipolia, kwa kelele, bila kujali abiria, kama Mnyamwezi aliyefiwa na mama.