Siku Niliyokimbia Vizuri

Mama yangu alizikwa kijijini kwetu Namasakata baada ya swala ya alasiri. Wakati huo mimi nilikuwa Malawi nikiteremka mlima, na nilikuwa nakimbia vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nimejaribu kuyatenganisha mambo haya mawili nikashindwa, kwa hiyo nayaandika pamoja.

Tulitoka Songea watu wanne wa klabu moja, tukaenda na gari la kukodi kushiriki mbio za siku tano kwenye nyanda za juu za kaskazini mwa Malawi. Kila siku ilikuwa na kipande chake, mnakimbia, mnalala kwenye mahema, asubuhi mnaendelea. Mimi nilijifunza kukimbia ukubwani, kwa kusoma. Nina karakana ya pampu za maji pale Ruhuwiko, na vitabu vyangu vya mazoezi nilivinunua mitumba sokoni, kimoja kimoja, nikavisoma na kamusi pembeni.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Namasakata kumuaga mama. Alikuwa mzima, anaokota korosho zake mwenyewe.

“Malawi kuna nini?” aliuliza.

“Tunakwenda kukimbia, mama.”

“Mnafukuzwa na nani?”

“Hatufukuzwi na mtu.”

“Basi usichelewe kurudi,” akasema. “Mtu asiyefukuzwa hana sababu ya kufika mbali.” Akanipa radhi yake, akanifungia na mihogo mikavu ya njiani.

Mwenyekiti wa klabu ni Mngoni, mimi ni Myao, kwa hiyo ni watani tangu kabla hatujazaliwa. Hakuwahi kuniita kwa heshima hata siku moja. Siku ya kwanza, kwenye mlima wa kwanza, alinipigia kelele mbele ya watu:

“Nyie Wayao mnajua kukimbia kwa sababu babu zetu waliwafundisha!”

“Na hawakutukamata,” nikamjibu. “Ndiyo maana mpaka leo hamjui kufika.”

Siku ya pili malengelenge yalimharibia nyayo, akaacha kukimbia. Akawa anapanda gari letu na dereva, anatungoja kwenye vituo vya maji. Simu alibaki nayo yeye. Ni yeye peke yake aliyenunua laini ya kule, na namba hiyo ndiyo tuliyoziachia familia zetu zote.

Siku ya nne, asubuhi, tukiwa tumeshaanza kukimbia, mdogo wangu alipiga. Mama alikuwa ameamka kwa swala ya alfajiri, akaketi kwenye mkeka, na hakuinuka tena. Mdogo wangu alimwambia mwenyekiti habari hiyo, akaomba nipewe simu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hushuka kaburini kumpokea mzazi wake, upande wa kichwa. Mtoto huyo ni mimi. Walitaka nitamke jambo moja tu: wanisubiri au wasinisubiri. Kama ningesema niko njiani, wazee wangekubali usiku mmoja. Safari hiyo nimeipima kwenye ramani mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwa gari letu, kama ningetoka asubuhi ile, ningefika kesho yake kabla jua halijapanda.

Mwenyekiti alimjibu kwamba bado niko njiani nakimbia, na kwamba ataniambia nikishafika na kukaa. Akakata simu. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwao, na kwetu pia, mtu hapewi habari ya kifo akiwa amesimama, tena mbali na nyumbani. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, hukalishwa, hunyweshwa chai, hufikishwa. Lakini kwao maiti husubiri. Mwili hukaa mochwari, watoto hutoka Dar es Salaam na Mwanza, padri hupanga misa, ndipo wanazika. Tumeishi naye miaka mingi, amekuja kwetu Idi, amekula kwetu, na bado hakujua kwamba msiba wetu una haraka. Hakuwahi kuwa na sababu ya kujua.

Nilipomkuta kwenye kituo cha kwanza cha maji alinishika bega.

“Kunywa taratibu, kaka,” alisema.

Sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Nilidhani ni miguu inamuuma.

Habari hiyo alimwambia mwenzetu mmoja wa klabu, mwalimu, mwanamke mwenye kasi kuliko mimi. Tangu hapo mwalimu hakunipita. Alikaa nyuma yangu kidogo, na kila nikigeuka anatazama chini. Nikadhani leo nimemchosha. Baada ya adhuhuri mawingu yalifunika, njia ikaanza kushuka kati ya majani marefu, na miguu yangu ikafanya kila nilichoiagiza. Pumzi zilikuja kwa mpangilio. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Nakumbuka nilifikiri kwamba nikirudi nitamweleza mama kuhusu majani yale, jinsi upepo ulivyoyalaza yote upande mmoja kama manyoya ya mnyama.

Nilipovuka mstari mwenyekiti alinikalisha kwenye kiti, akanipa chai yenye sukari nyingi. Akangoja nimalize.

“Mama anaumwa,” alisema. “Tunaondoka sasa hivi.”

Vitu vilikuwa vimeshafungwa garini. Nikaelewa.

“Amefariki saa ngapi?”

Akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa analia waziwazi.

“Alfajiri.”

“Wameshazika?”

“Hapana, bwana!” alisema, karibu anishangae. “Watazikaje wewe hujafika?”

Nilinyoosha mkono, akanipa simu. Mdogo wangu alipokea mara moja, na nyuma yake nilisikia watu wanasoma dua.

“Tumetoka makaburini sasa hivi,” alisema.

Nilimrudishia mwenyekiti simu. Alikuwa ameyasoma maneno usoni kwangu, na nilimwona akianza kuhesabu saa, alfajiri, asubuhi, adhuhuri, mpaka akafika alipokosea. Akakaa chini kwenye vumbi. Nilitaka kumkasirikia. Hata sasa zipo siku ambazo nataka.

Wote walikatisha mbio, tukarudi pamoja. Kule Namasakata, mwenyekiti alikaa mwisho wa mkeka na viatu mikononi, na kila aliyemsogezea chakula alikikataa. Shangazi zangu walimngoja aanze utani, kama mtani anavyopaswa kufanya msibani. Hakuanza.

Mimi nilimwomba mdogo wangu anieleze maziko yote kwa mpangilio, toka mwanzo. Nani aliosha, sanda ilitoka wapi, nani alitangulia jeneza. Alinieleza bila kuruka. Walikuwa wazike adhuhuri, wakasogeza mpaka alasiri wakingoja nipige. Sikupiga.

“Hata kule makaburini tulikuachia nafasi yako,” alisema. “Tulishuka wawili, upande wa kichwa ukabaki wazi. Hakuna aliyetaka kuuchukua. Imamu akasema jamani, maiti hacheleweshwi. Ndipo akashuka jirani.”

Jirani huyo ni mzee ambaye mikorosho yake imepakana na ya mama. Waligombania mpaka huo kwa miaka, wakapatana, wakagombana tena. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Nilimkuta anafagia majani makavu chini ya miti, akaegemeza ufagio aliponiona.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Pole.”

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru. Likatoka swali badala yake.

“Alikuwa mzito?” niliuliza.

Alitazama mikono yake, akaigeuza.

“Mwepesi,” alisema. “Mwepesi kabisa. Nilimlaza vizuri, nikamgeuzia uso Kibla. Kisha nikamwambia ni mimi, asije akadhani ni wewe.”