Maji ya Kunawa ya Mgeni

Afisa wa kuchunguza rushwa aliniambia mwenyewe, ofisini kwake mjini, mlango umefungwa: "Mama, sisi hatuko chini ya mtu. Hata wakubwa wa wilaya tunawahoji. Jina lako halitoki humu." Nikamwamini, jamani. Nilikuwa mjane mpya. Shemeji yangu alilitaka shamba la kahawa aliloniachia marehemu, na mwenyekiti wa kijiji chetu, huku upande wa Iyula, aligoma kugonga muhuri kwamba ni langu mpaka nimpe "chochote". Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Wiki iliyofuata wanawake tukaitwa kwa mwenyekiti kupika. Ndiyo desturi yetu: mgeni wa serikali hufikia kwake, na sisi tunasaidia jikoni. Sikuuliza mgeni ni nani. Nikanyonyoa kuku, nikasonga ugali, nikacheka na wenzangu.

Gari la mwenyekiti likaingia uani, akashuka afisa wangu. Nikamsikia akieleza kwamba gari la ofisi halina mafuta, ndiyo maana akaomba lifti. Lifti ya nani sasa? Ya mtu aliyekuja kumchunguza! Kesi ya ngedere kapewa nyani. Hata hivyo nikajipa moyo kwamba wapelelezi wana mbinu zao.

Kwetu mgeni hanawi mwenyewe. Nikachukua jagi na beseni, nikaingia sebuleni, nikapiga goti. Akanyoosha mikono bila kuniangalia. Nammiminia maji taratibu, nasubiri walau anikonyeze. Mwenyekiti akaniuliza habari za shamba, kwa ule upole wa mtu ambaye ameshaambiwa kila kitu. Ndipo afisa akanena, huku anajifuta kwa taulo niliyompa:

"Mama, mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Ungeanza kwa mwenyekiti wako."

"Nilianza kwake," nikasema. "Ndiyo maana nikaja kwako."

Mwenyekiti akafunua bakuli la kuku, akamkaribisha mwenzake finyango la paja. Niliumia kuliko siku ya mazishi, maana kifo hakikuwahi kuniahidi kitu.

Muhuri uligongwa, kwa jina la shemeji. Kahawa anachuma yeye, nami napita pembeni nikienda kisimani. Lakini kinachonichoma hadi leo ni sebule ile. Walipomaliza kula, mwenyekiti akaita maji. Nikaenda na jagi, nikapiga goti, nikamnawisha afisa tena.