Boya Lililoinama

Mtaani walimwita Bi Boya, naye alishazoea, maana jina la kazi likishakuganda hata ufanye nini halibanduki. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka: kuosha maboya. Lakini ngoja kwanza. Yale maboya makubwa ya njano yametiwa nanga mbali baharini, na kila moja limebeba vyombo vya kupima mkondo, mawimbi na upepo. Habari zake zinafika kituoni, kwenye chumba chenye feni inayolia na skrini zilizopangwa juu ya meza ndefu. Kwa habari hizo nahodha anajua kama ataingia bandarini salama. Boti ya doria inajua kama leo watu wa magendo watathubutu kutoka na vyombo vyao vidogo. Mafuta yakimwagika, watu wanajua yatafika ufuko gani. Bahari haina geti wala ukuta, jamani, inalindwa kwa kutazamwa. Na wa kuyaosha hayo macho yake alikuwa Bi Boya, kwa brashi na siki, mikono imechanwachanwa na makombe.

Adui yake mkubwa hakuwa mtu wa magendo. Alikuwa mvuvi. Samaki wanapenda kivuli cha boya, basi wavuvi nao hufunga boti zao pale pale, wanajaza, wanatoweka. Boti ikifungwa, boya linainama, vipimo vinavurugika, na skrini inaonyesha upuuzi mtupu. Na katika hao wavuvi, kinara wa utundu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, waliyembandika jina la Kiroboto tangu utotoni.

"Nakuona, wewe," alimwambia kila alipopita kuwasalimia. "Ukifunga boti pale, mimi nakuona kutoka ofisini."

"Unaniona nimevaa nini?" Kiroboto alimjibu, na mkewe akacheka mpaka akashika ukuta.

"Chekeni tu. Siku nikipeleka ripoti mtanitambua."

"Dada yangu mwenyewe anichongee? Thubutu!"

Na kweli hakuwahi kumchongea. Alifoka, akanuna, kesho yake akampigia simu kumjulia hali. Ndugu ni ndugu, utafanyaje?

Sasa, asubuhi moja bahari imelala shwari, Bi Boya aliketi na chai yake, akaona boya la tatu limeinama. Linavutwa, linaachiwa, linavutwa tena. "Haya, wameshaanza hao!" akasema, akabonyeza kufuta. Ndivyo kazi inavyotaka: kipimo kichafu kinaondolewa, kisije kikampotosha nahodha wa watu. Likainama tena, akafuta tena. Asubuhi nzima alikuwa anafuta huku akiwatukana wavuvi kimoyomoyo.

Mchana mlango ukasukumwa. Alikuwa wifi yake, mke wa Kiroboto, amevaa ndara mguu mmoja nyekundu, mwingine bluu.

"Wifi, hajarudi."

"Nani hajarudi?"

"Mdogo wako. Alitoka jana jioni. Wenzake wote wamerudi asubuhi, wanasema usiku aliwapotea. Nimepiga simu mpaka chaji imeisha."

Mkuu wa kituo, mtu mpole asiyependa makelele, aliita boti ya doria hapo hapo. Bi Boya akakokotoa mkondo kutoka pale Kiroboto anapopenda kuvua. Boya la tatu akaliruka kwa kuwa vipimo vyake ni vichafu, akatumia mengine. Jibu likaja: kama injini imezimika, boti itakuwa imeshachukuliwa mbali sana kaskazini. Boti ya doria ikakimbilia huko. Na ilibidi ikimbie, maana maboya ya nje kabisa yalishaanza kutoa habari mbaya. Kabla ya jioni mawimbi makubwa yangefika, na boti ndogo ya faiba haina ubavu wa kusimama nayo.

Wakakaa kungoja. Wifi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Bi Boya, ili tu mikono yake ipate kazi, akarudi kulifuta boya la tatu.

Kidole kikamgoma.

Mvuvi gani huyo anayefunga boti tangu asubuhi mpaka sasa? Wavuvi wa boyani hawakai, wanaogopa doria. Na huku kuvuta na kupumzika, kuvuta na kupumzika, si kwa mawimbi, bahari ilikuwa imetulia. Akaikwapua redio, akaita boti ya doria.

"Kapteni, rudi. Nenda boya la tatu."

"Si umenambia kaskazini?"

"Nilikwambia. Sasa nakwambia rudi."

"Dada, nikigeuza, huku sirudi tena leo. Mawimbi hayo yanapanda. Kama hayupo hapo boyani..." Hakumalizia.

Bi Boya alimtazama wifi yake, na wifi alikuwa amesikia kila neno. Kama pale boyani kuna mvuvi mwingine tu, basi yeye kwa mdomo wake amemnyang'anya mdogo wake boti ya mwisho. Akamgeukia mkuu.

"Wewe ndiye unayelijua boya hilo," mkuu akasema taratibu.

Akapiga moyo konde. "Geuza, Kapteni."

Aliyewahi kungoja anajua kule kungoja, sina haja ya kukusimulia. Chai ilipoa, hakuna aliyeigusa. Hatimaye redio ikakoroma: "Tumempata! Yuko hai, amejifunga kwenye boya kama mbuzi!" Mawifi wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, na mkuu wa watu akajifanya anatengeneza feni.

Bandarini Kiroboto aliketi juu ya kreti, blanketi mabegani, midomo imepasuka. Viganja vyake vilikuwa vimechunwa na kamba.

"Dada, nilijua utaniona," akasema. "Injini ilipokufa nilisema, Mungu wangu, nifikishe tu kwenye boya la dada. Nikawa nalivuta, napumzika, nalivuta. Nikasema yuko pale kwenye skrini yake, ananiona. Mbona mmechelewa hivyo?"

"Bahari kubwa, mume wangu," mkewe akamjibia.

Bi Boya angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akijua.

"Nilikuona," akasema. "Tangu asubuhi nilikuona. Nikasema ni wavuvi wale wale, nikakufuta. Kila ulipovuta, mimi nilifuta."

Kiroboto akavitazama viganja vyake. Upepo ulikuwa umeanza kuwa mkali. Akajisogeza, akafungua upande mmoja wa blanketi.

"Kaa, dada," akasema. "Unatetemeka."